Ufunguo wa Kizuizi: Mwanamke Aliyevaa Aproni ya Marehemu

Jumatano, tarehe tatu mwezi wa sita, saa mbili na nusu asubuhi. Hiyo ndiyo siku kila kitu kilipoharibika. Aliyekosa matoleo ya nyuma nitamweleza harakaharaka, maana wiki iliyopita tumemwacha Kijiko mlangoni pa mgahawa wake, sinia la vikombe limemtoka mikononi, na si ungwana kumwacha mtu mzima hewani namna ile.

Asubuhi hiyo mkewe alibanwa na kifua. Kijiko akamlaza kiti cha nyuma cha teksi, wakaelekea hospitali. Barabara ya juu ilikuwa imechimbwa tangu mwaka juzi na waliochimba hawakurudi kufukia. Ikabaki ya ufukweni. Nayo ilikuwa na kizuizi, bomba refu la chuma lenye kufuli, kwa sababu wakubwa wa baraza la mji waliona vyema asubuhi pale pasipite gari, ili wageni wakodi baiskeli na kupigwa upepo wa bahari.

Mlinzi hakuwa na ufunguo. Alisema uko ofisini. Kijiko akakimbilia ofisini, ofisini wakamwambia uko ufukweni. Dereva naye alikuwa amekimbia upande wake kutafuta. Kijiko aliporudi, jasho linamtiririka mpaka viatuni, kufuli lilikuwa palepale na mkewe amekwisha kukata roho.

Halafu ripoti ya baraza ikasema siku hiyo kizuizi hakikuwa na kufuli.

Haya, turudi mlangoni.

Vikombe vilitawanyika vipandevipande, lakini Kijiko hakuviangalia. Alikuwa anaangalia dirishani. Juu ya kile kiti kirefu ambacho mkewe alikikalia miaka yote, akiwapakulia wapita njia supu ya samaki kupitia dirisha la barabarani, alikuwa ameketi mwanamke, mgongo kwake. Aproni ya buluu. Kitambaa chekundu kichwani, fundo limelala kisogoni. Mwiko mkono wa kushoto, kama yeye.

"Mama Kitinda?" Sauti ilimtoka kabla akili haijafika.

Mwanamke akageuka. Hakuwa yeye.

"Usishtuke, mzee wangu," ikasema sauti nyuma yake.

Alikuwa Bwana Vivutio. Cheo chake ni kirefu, mkuu wa kitengo cha sijui nini na nini, ila mji mzima humwita Bwana Vivutio kwa sababu kila anachokiona hukiita kivutio. Mwamba uliochomoza majini, kivutio. Kisima kilichokauka, kivutio. Siku moja alisimama mbele ya choo cha zamani cha bandarini, akakizunguka, akakipiga picha. Watu wakajua nacho kimekwisha.

"Huyu ni nani?" Kijiko akauliza.

"Huyu ni Mama Dirisha."

"Mama Dirisha ni mke wangu. Nimemzika."

"Tunajua, mzee. Baraza lilituma maua."

"Yalifika kesho yake."

"Lakini yalifika," akasema Bwana Vivutio, akavuka vipande vya vikombe kwa hatua ndefu ili asichafue viatu. "Ule ubao mpya wa kituo cha mabasi umeuona?"

Nani asiyeuona? Ni mkubwa kama ukuta wa nyumba. Juu umeandikwa kwa herufi nene: Mambo ya Kufanya na Mahali pa Kula. Panda mnara wa taa. Ogelea ufuko mdogo. Kodi baiskeli. Tazama samaki kwa mashua ya sakafu ya kioo. Na mwisho wa yote, picha ya mkewe anacheka dirishani na maneno haya: Usiondoke mjini kwetu kabla hujapakuliwa supu na Mama Dirisha mwenyewe.

Picha ilipigwa mwaka uliopita, akiwa mzima. Ubao ulisimamishwa mwezi wa nane, kaburi lake limeshaota majani. Tangu siku hiyo Kijiko hupita njia ya nyuma akienda sokoni, asikutane na mkewe anacheka kituoni.

"Mfuteni," akasema.

"Ubao umepitishwa na kikao."

"Mtu amekufa, bwana."

"Mtu amekufa, ubao haujafa." Wala hakusema kwa ubaya. Alisema kama daktari anavyokueleza matumizi ya vidonge. "Kikao kilichoupitisha ndicho kinachoweza kuubadilisha, na kikao hakikai msimu wa wageni. Wajumbe wako likizo. Sasa wageni wanashuka kwenye mabasi, wanakuja hapa, wanamuulizia Mama Dirisha. Wiki jana mmoja kalalamika kwangu kwamba tumemdanganya. Nimweleze nini?"

"Mweleze kafa."

"Mzee wangu. Mtu amekuja kupumzika na familia yake, umweleze habari za kifo?"

Kijiko akaona maneno yanamwishia, kama mtu anayechota maji kwa mikono. Akashika la mwisho alilokuwa nalo.

"Basi nafunga. Leo hii hii. Naweka kufuli, mkaoneshe ubao."

Alijiona amempata. Hebu msikie mwenzake.

"Hilo huwezi, mzee. Zamani ulikuwa na mgahawa. Sasa una kivutio. Mgahawa hufungwa na mwenyewe, kivutio hufungwa na baraza. Ukiweka kufuli wewe, sisi tutalivunja na kumweka mtu mwingine aendeshe. Sisemi hivyo kukutisha. Ndivyo ilivyo."

Kufuli la Kijiko lingevunjwa mara moja. La kizuizi lilikosa wa kulifungua, na mama wa watu anakata roho.

Mwanamke wa dirishani muda wote alikuwa anakoroga, macho yake yako kwenye sufuria. Kijiko akamgeukia.

"Wewe mama, hata aibu huna? Nguo ya marehemu unaitoa wapi?"

"Nilipewa, kaka."

"Na nani?"

Akamjibia mwingine, kutoka mlango wa jikoni.

"Na mimi, baba."

Ni Kitinda, kitindamimba wake. Watoto wengine walishatawanyika na maisha yao, akabaki huyu. Msimu uliopita alikuwa mfanyakazi wa baraza, anawagawia wageni baiskeli kule ufukweni, amevaa fulana ya manjano na filimbi shingoni. Siku mama yake alipokufa aliivua fulana hiyo, akaitupa jalalani na kuingia jikoni, na hajataka kusikia habari za baiskeli tena. Kijiko alimpenda zaidi kwa hilo. Alijua ni uchungu.

"Wewe," akasema Kijiko. "Umefungua sanduku la mama yako."

"Nimefungua."

"Bila kuniambia."

"Ningekuambia ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Ndiyo maana." Kitinda alikuwa ameshika kisu cha kuparulia samaki, magamba yameng'ang'ania mikononi mpaka kwenye viwiko. "Baba, tulikuwa tunapokonywa hapa. Walitaka nikae mimi pale kwenye kiti, nijiite Mama Dirisha. Siwezi. Nikikaa pale nakosa pumzi. Huyu alijitolea mwenyewe. Atakaa, atacheka na wageni, supu napika mimi huku nyuma. Msimu ukiisha anavua aproni anakwenda zake. Vumilia tu."

"Mama yako si koti la kuazimana, Kitinda."

"Najua."

"Hujui."

"Baba, wewe hujui ninayoyajua," akasema, na sauti ikamkatika katikati, akarudi jikoni haraka kabla machozi hayajaonekana.

Maneno hayo, msomaji, Kijiko hakuyatilia maanani. Yaweke wewe akiba.

Basi la kwanza lilifika kabla vipande vya vikombe havijamalizika kufagiliwa. Wageni wakamwagika barabarani, kofia za jua, miwani myeusi, watoto wamelowa maji ya chumvi, mzee mmoja ameungua pua imekuwa kama nyanya. Walikuwa wameshapanda mnara, wameshaogelea, wameshaona samaki kupitia kioo. Limebaki la mwisho.

"Ndiye huyu," akasema mama mmoja mnene, kofia yake pana kama ungo. "Ndiye yule wa kwenye ubao. Nilikwambia tungemkuta."

"Mbona kwenye picha ana mwanya?" akauliza mumewe, yule wa pua nyekundu.

"Mwanya huzibwa siku hizi. Wewe ulikuwa na nywele, nimekuuliza zimekwenda wapi?"

Watu wakacheka. Mwanamke wa dirishani naye akacheka, akapakua supu, akakata mkate, akauliza nani anataka ndimu. Alifanya vizuri. Hilo ndilo lililomuuma Kijiko kuliko yote. Angefanya vibaya angepata pa kumshika.

Yeye akabaki kupangusa meza. Afanye nini? Apige kelele? Bwana Vivutio amesimama pale nje, mikono nyuma, anatabasamu kama bwana harusi. Mbele ya watu waliokuja kupumzika, mwenye mgahawa apige kelele kwamba huyu si mke wake? Wangesema kalewa.

"Na yule mzee ndiye mume?" akasema mama mwenye kofia.

"Ndiye," akajibu Bwana Vivutio upesi. "Miaka yote wako pamoja hapahapa."

"Jamani, raha. Mzee, hebu njoo tupige picha. Njoo usione haya."

"Mimi nina kazi, mama."

"Kazi haikimbii. Msogelee mkeo basi, mbona kama mmegombana?"

"Wamegombana hao," akasema mumewe. "Naijua sura hiyo. Mimi huwa nayo tukiwa safarini."

Wakacheka tena. Bwana Vivutio akamwekea Kijiko mkono mgongoni, mkono laini usiojua kubeba hata kikapu, akamsukuma taratibu mpaka dirishani. Mtu mwingine akauchukua mkono wa Kijiko, kweli, akauinua kama wa mtoto anayevishwa shati, akauweka kwenye bega la yule mwanamke.

Kijiko akauacha palepale ulipowekwa.

Aproni ilikuwa ileile. Aliijua kwa kile kiraka cha mfukoni alichokishona mwenyewe siku mkewe alipoumwa macho. Uzi mweusi, mishono mikubwa kama meno ya msumeno. Mkewe alikicheka kiraka hicho wiki nzima na hakukubali kirudiwe.

"Cheka, mzee."

Akacheka. Picha ikapigwa. Iko kwenye simu ya mtu hivi sasa, Kijiko na mke asiye wake, anacheka.

Sasa hapa niwape siri moja, maana bila hiyo hamtaelewa yaliyofuata.

Watu hudhani Kijiko anaitwa Kijiko kwa wembamba wake. Sivyo, jina hilo alipewa na mkewe. Miaka mingi nyuma mkewe alipata homa kubwa, akapona, ila ulimi wake haukupona. Chumvi, sukari, pilipili, vyote vikawa sawa mdomoni mwake kama maji ya mvua. Mpishi asiye na ulimi, nani atakula kwake? Wakakubaliana wawili, mlango umefungwa, kwamba asijue mtu. Hata Kitinda hakuambiwa. Toka hapo, kila supu ilipokaribia kuiva, mkewe aliteka kidogo kwa kijiko cha mti, akakipeleka nyuma, chini ya ukingo wa dirisha, bila kugeuka na bila kusema neno, anaendelea kuongea na wateja. Kijiko hupita kama anayekwenda kuchukua sahani, huinama, huonja. Akisema "bado", chumvi huongezwa. Akisema "basi", hupakuliwa.

Mji mzima ulimsifu yule mama kwa mkono wake wa supu. Ulimi ulikuwa wa mumewe. Wenyewe walikuwa wakilicheka hilo kitandani, kama wezi wawili.

Tangu Jumatano ile hakuna aliyemletea kijiko. Kitinda huonja mwenyewe. Na Kijiko mwenyewe hakula supu tena, si kwa nadhiri, ilikuwa haimpiti kooni tu.

Haya. Wageni wa basi la kwanza waliisha, la pili likaegesha. Sufuria ya pili ikaletwa dirishani, inatoa moshi. Kijiko akapita nyuma ya kiti kirefu kwenda kuchukua sahani, kichwa chini, anawaza wale wajumbe walio likizo, wanakula wapi wao, na nani anawapakulia.

Mkono ukaja nyuma.

Ulikuja chini ya ukingo wa dirisha, taratibu, mgongo haukugeuka. Kilikuwa kijiko cha mti. Kilikuwa na supu kidogo, na mkono ulikitega palepale, kimo kilekile cha kifua chake, ukasubiri. Huku juu mwanamke anamuuliza mtoto wa mgeni kama ameogopa kwenye mnara.

Kabla Kijiko hajafikiri lolote alikuwa ameshainama. Akaonja.

"Bado," akasema.

Ilimtoka yenyewe.

Mkono ukarudi mbele. Chumvi ikaanguka sufuriani. Na mwanamke, macho yake kwa wageni, meno nje, midomo haichezi sana, akasema kwa sauti ya chini:

"Alisema utasema bado."

Kijiko akashika mguu wa kile kiti.

"Nani alisema?"

"Usipaze sauti, kaka. Jifanye unapanga sahani."

Akajifanya anapanga sahani.

"Mimi nilikuwa mkata tiketi za mashua," mwanamke akasema. "Kibanda changu ni kile cha pembeni ya kizuizi. Mlipokimbia wewe na dereva, aliachwa peke yake garini. Nikaingia, nikamshika kichwa. Ndimu, baba? Chukua, ziko hapo. Hakufa papo hapo kama walivyokuambia. Aliongea."

"Waliniambia hakusema kitu."

"Aliyekuambia nani?"

Kijiko akatazama nje. Bwana Vivutio alikuwa anawapanga wageni mstari, mmojammoja, kama watoto wa shule.

"Miezi yote hii nimetafuta njia ya kukufikia," mwanamke akaendelea. "Nikija kwako kama mimi wananifukuza kazi. Nikasikia wanatafuta mtu wa kuvaa hii aproni. Nikaomba mwenyewe. Habari ya kijiko alinipa yeye, nikuoneshe, ili usiniite mwongo. Alisema, 'Mpelekee kijiko kwa nyuma, atajua nimekutuma.'"

"Kwa lipi? Amekutuma kwa lipi?"

"Kwa habari ya ufunguo."

Hapo ndipo nasikia Kijiko aliweka sahani chini. Miezi yote ile, kila ofisi aliyoingia alitaka jambo moja tu, ajue ufunguo ulikuwa kwa nani. Walimkalisha kwenye mabenchi, wakamnywesha maji, wakamwambia arudi Jumatatu. Leo jibu limekaa kwenye kiti cha mkewe.

"Ufunguo ulikuwepo?" akauliza.

"Ulikuwepo. Wala haukuwa mbali, kaka. Mwenye ufunguo alikuwa amesimama jirani na gari kama wewe ulivyo jirani na mimi sasa, ameushikilia shingoni pamoja na kamba. Marehemu aliinua kichwa, akamwona. Akamwita. Akamwita mara mbili."

"Akamwita nani?"

Mwanamke akageuza uso kwa mara ya kwanza tangu aanze kunong'ona. Kijiko alitegemea macho yake yatakwenda nje, kule kwa Bwana Vivutio. Hayakwenda nje. Yalipita juu ya bega la Kijiko, yakaenda nyuma, mlango wa jikoni.

Kijiko akageuka.

Kitinda alikuwa amesimama pale na sufuria ya tatu mikononi. Alikuwa amesikia. Uso umemparara kama wa mtu aliyetoka kuumwa, na supu ilikuwa inamwagika kidogokidogo, inamchuruzika miguuni, ya moto, na yeye haondoi mguu.

"Mama Dirisha," akaita Bwana Vivutio kutoka nje, kwa furaha. "Wageni wanasubiri."

Mwanamke akarudi dirishani, akacheka, akapakua.

Kijiko akabaki katikati, kati ya kiti cha mkewe na mlango wa mwanawe, na ile ladha ya chumvi pungufu bado iko mdomoni. Aliikumbuka fulana ya manjano jalalani. Aliikumbuka ile kamba ya filimbi, na kwa mara ya kwanza akajiuliza kama ilikuwa na filimbi peke yake.

"Kitinda, mwanangu," akasema polepole, "asubuhi ile ulipangiwa baiskeli za upande gani?"